Mlango Alioufunga Hermelinda

Sekakaw, Alta Verapaz, Guatemala
Jumamosi, 4 Februari 2017

Mzazi mwenzangu Edilma,

Hermelinda amekamatwa. Naanza na hilo kwa sababu najua ukiona mwandiko wangu utatafuta kwanza habari za Rosaura. Binti yako wa ubatizo hajambo, yuko kwa shangazi yake. Mama yake ndiye hayupo.

Ilikuwa Jumanne, sokoni mjini. Alikuwa ametandaza iliki yetu juu ya turubai, anabishana na mnunuzi aliyedai ina unyevu, polisi wawili wakaja wakamwuliza majina yake yote. Akawatajia, kisha akawauliza wanataka kilo ngapi. Wakamwonyesha karatasi. Iliki ilibaki pale pale, na wanawake wenzake walituletea nyumbani jioni, haikupungua.

Kosa analoshitakiwa ni kuwafungia watu ndani bila ridhaa yao. Watu wenyewe ni wale wahandisi wawili wa kampuni ya bwawa, Lemus na mwenzake mwenye miwani. Siku inayotajwa ni ile ya mayejak, ibada yetu ya Oktoba.

Ulikuwepo, umekaa ubavuni kwa Hermelinda, kwa hiyo sina la kukusimulia. Lakini nayapanga mambo kwa mfuatano kwa sababu wakili yeyote tutakayempata atauliza. Wazee walisema kabla kampuni haijachimba hata shimo moja mtoni, Bwana wa Mlima na Bonde aombwe radhi, na wanaotaka kuchimba wawepo wakati anaombwa. Tukawaalika wahandisi, wakaja wenyewe kwa gari lao. Ubani ukawashwa, mishumaa ikapangwa, na Hermelinda akafunga mlango, kwa kuwa mwaka huo yeye ndiye aliyekuwa mama wa mlango. Kwetu mlango ukishafungwa haufunguliwi mpaka mshumaa wa mwisho uzime wenyewe. Anayetoka kabla ya hapo huwaachia ugonjwa walio ndani. Tuliingia mchana, tukatoka jua linatua. Lemus alikunywa supu ya bata mzinga akaongezwa, akaomba na pilipili. Mwenzake alilala ameegemea gunia la mahindi.

Hakuna aliyeomba kutoka. Lakini pia hakuna aliyewaambia mapema kwamba mlango ungefungwa. Nimelifikiria sana hilo. Hatukuwaficha. Hakuna mtu hapa kijijini aliyejua kwamba ni jambo la kuelezwa. Ni kama kumweleza mgeni kwamba kanisani watu hupiga magoti.

Naomba Mfuko wenu wa haki za binadamu, huko unakofanya kazi, utusaidie kupata wakili. Uliwahi kutuambia kwamba kazi ya Mfuko ni kuhakikisha maendeleo yanapokuja hayamkanyagi mtu. Haya sasa yamekuja na yamemkanyaga. Jirani yangu Fidelino ananishauri niuze ng'ombe nikamwone mtu fulani mahakamani. Nilipomkumbusha kwamba sina ng'ombe, akasema basi niuze daftari langu ninaloandikia kila siku mvua iliyonyesha, labda jaji anapenda kusoma.

Barua nazipitishia kwa masista wa parokia, nao wanazituma kwako. Kwenye simu tusiseme lolote la kesi.

Eusebio Tiul

*

Jiji la Panama
Jumatatu, 13 Februari

Eusebio, mzazi mwenzangu,

Nilisoma barua yako nimesimama kwenye ngazi za ofisi, nikashindwa kupanda. Mpe Rosaura busu. Mwambie mama yake wa ubatizo hajalala.

Wakili amepatikana. Anaitwa Ovando, yuko Cobán, anazijua kesi hizi, na Mfuko utamlipa mpaka mwisho wa Aprili. Baada ya hapo mambo yako mikononi mwa wafadhili. Wanakutana katikati ya Machi kuamua kama wataendelea kutupa fedha kwa miaka mitatu mingine au watazipeleka kwingine. Usishangae, ndivyo inavyokuwa: kila baada ya miaka michache inabidi tuwaeleze upya kwa nini mto wa mtu wasiyemfahamu una haki ya kuulizwa. Mkurugenzi wangu, Bettina, anaamini tutapata. Mwaka huu, anasema, tuna hadithi nzuri.

Nataka kukuuliza mambo mawili, unijibu kwa kifupi tu. Je, mwendesha mashtaka amewaonyesha karatasi zozote, au amesema tu? Na ile picha niliyompiga Hermelinda mlangoni, mnayo? Kama mnayo, ihifadhini ndani. Msiionyeshe mtu.

Kula. Najua hupiki.

Edilma

*

Sekakaw
Ijumaa, 3 Machi

Mzazi mwenzangu Edilma,

Najibu kwa mpangilio wako. Mwendesha mashtaka hajaonyesha karatasi yoyote, amesema tu kwamba anazo. Picha hatuna, hukutuletea nakala. Sikuelewa kwa nini umeuliza, nikamwuliza Ovando, naye hakuelewa.

Sasa nina habari ambayo imenifanya nile kwa mara ya kwanza nikasikia ladha. Nilikutana na Lemus dukani mjini, ananunua betri. Niligeuka nitoke, yeye akanifuata hadi nje. Aliangalia huku na huku, kisha akaniambia hivi:

"Don Eusebio, mimi pale nilikula nikashiba. Mke wako hajanifanyia baya lolote. Waliniletea karatasi imeshaandikwa, wakasema saini hapa, nina watoto, nikasaini."

Nikamwuliza kama atayasema hayo mbele ya jaji. Akasema akiulizwa na jaji mwenyewe hatadanganya, ila asiulizwe na mimi hapo barabarani. Nilimkimbilia Ovando. Alipiga meza kwa kiganja akasema kama mlalamikaji mwenyewe halalamiki, mwendesha mashtaka amebaki na nini? Tutafika mbele ya jaji tarehe 16, na kama jaji ataona hakuna ushahidi Hermelinda anarudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Hermelinda nimemwona Jumapili mbili. Amekonda, ila mdomo ni ule ule. Analala chini, kati ya mwanamke aliyeiba dawa na mwanamke aliyesingiziwa. Anasema aliyeiba ndiye mwenye adabu. Anakuandikia mwenyewe, yaani anamtajia huyo wa dawa, naye anaandika.

Rosaura ameanza kuwauliza watu wazima kama wanajua kufungua kufuli.

Eusebio

*

Gereza la wanawake
Alhamisi, 9 Machi

Mzazi mwenzangu,

Huu si mwandiko wangu, lakini maneno ni yangu, na huyu anayeniandikia ameapa hatatia chumvi. Namwambia humu ndani wote tuliapa.

Sitaki uniletee kitu. Ukipata nyuzi za buluu, zile nyepesi za kudarizia, zitume, kwa sababu hapa wanauza nyeusi tu, na mimi sijafiwa. Eusebio ananiletea tamale za mahindi, halafu anakaa kunitazama nikila kama mtu anayesubiri sahani yake. Mwambie aache kuhesabu mbavu zangu. Mwanamume huyu angeandika hata chafya ya jogoo kama ingekuja kwa tarehe.

Wanasema niliwafunga watu. Wewe ulikuwa kulia kwangu. Uliniuliza kwa nini mlango unafungwa, nikakuambia, ukasema kwenu Chiriquí bibi yako alikuwa hafagii nyumba mgeni akiwa ndani, nikakuambia ni kitu hicho hicho. Unakumbuka. Ulimwona yule mwenye miwani alivyokoroma mpaka mzee akaomba kwa sauti kubwa zaidi.

Basi uje useme hivyo. Mimi nikisema wanaandika "mshitakiwa anadai". Eusebio akisema wanaandika "mume wa mshitakiwa". Wewe ni mtu wa ofisi, una kadi shingoni. Uje useme uliyoyaona, halafu tukamchukue binti yetu.

Hermelinda Cucul

*

Jiji la Panama
Jumatano, 15 Machi

Wapendwa wangu Hermelinda na Eusebio,

Masista wameahidi kuwafikishia hii kabla ya kesho asubuhi.

Fedha zimepatikana. Wafadhili wamekubali miaka mitatu kamili, kwenu na kwa vijiji vingine kumi na kimoja. Bettina alilia, mimi nililia. Walisema hawajawahi kuona mahali ambapo haki za watu na mradi wa maendeleo vimekutana waziwazi namna hiyo. Ovando atalipwa mpaka mwisho wa kesi, hata ikienda rufaa. Wakili wa hati zenu za ardhi pia.

Kuja siwezi. Kanuni za Mfuko zinatukataza wafanyakazi kutoa ushahidi mahakamani, kwa sababu tukifanya hivyo serikali zitasema tunaingilia na kutufungia ofisi. Nimeomba mara mbili. Lemus akisema ukweli wake, hamtanihitaji mimi.

Nyuzi za buluu nimezikabidhi kwa mtu anayekuja Guatemala.

Nisameheni, nawaombea kesho.

Edilma

*

Sekakaw
Jumamosi, 18 Machi

Edilma,

Nakueleza kilichotokea tarehe 16 kama kilivyotokea.

Lemus aliulizwa na jaji. Alisema alialikwa, alikula, hakuomba kutoka. Ovando alinigusa goti chini ya meza. Mimi nilikuwa tayari nafikiria Hermelinda atapanda gari gani kurudi.

Halafu mwendesha mashtaka akasimama na kijitabu. Karatasi yake inang'aa, kwenye jalada kuna mto wetu. Katikati kuna picha ya Hermelinda ameegemeza mgongo kwenye mlango, mkono umeshika komeo, anacheka. Chini ya picha kuna maneno, na aliyasoma polepole ili mwandishi wa mahakama ayapate: "Wanawake wa Sekakaw waliwafungia wahandisi ndani na hawakuwaachia mpaka kampuni ilipokubali kusimamisha kazi." Akageuza nyuma akasoma jina la Mfuko wenu.

Kampuni haijawahi kusimamisha kazi hata siku moja, Edilma. Wewe unajua. Nakuandikia barua hii huku nasikia mashine zao.

Akamwuliza Hermelinda kama ni yeye kwenye picha. Akasema ni yeye. Akamwuliza alikuwa anafanya nini. Akasema analinda mlango. Akamwuliza kama alikuwa anazuia watu wasitoke.

Hermelinda akajibu, "Ndiyo. Nilimzuia hata mume wangu, na yeye alikuwa amebanwa na haja."

Watu walicheka. Jaji hakucheka, aliandika. Akasema mhandisi huenda anaogopa kijiji, lakini shirika la haki za binadamu lililo rafiki wa mshitakiwa halina sababu ya kumsingizia. Hermelinda amerudishwa ndani. Kesi yenyewe itasikilizwa tarehe 8 Mei.

Ovando alikuwa hajawahi kukiona kijitabu hicho. Analipwa na watu waliokichapisha.

Jambo moja tu nataka kujua. Nani aliandika sentensi ile?

Eusebio Tiul

*

Jiji la Panama
Jumatatu, 3 Aprili

Eusebio,

Mimi.

Nimeandika barua hii mara nyingi na kila mara ilikuwa ndefu kuliko hii. Mara ya kwanza, mwezi Novemba, niliandika ukweli: kwamba watu waliomba, wakala pamoja, mishumaa ikaisha, kila mmoja akaenda kwake. Bettina alisoma akasema ni nzuri sana, lakini kuna nini kilichobadilika? Nikasema hakuna. Hakunikaripia. Aliangalia saa yake tu. Nikarudi kwenye meza yangu. Nilijua kwamba mfadhili anayeisoma ile ya kwanza angeona watu wamekaa kwenye giza na moshi, na ng'ambo ya mlima bwawa linajengwa kama kawaida, na angeuliza fedha zake zimefanya kazi gani. Nikaandika ile nyingine. Niliandika kwa kuwapenda. Nilitaka Hermelinda aonekane mkubwa kama alivyo. Kijitabu kilitakiwa kisomwe Ulaya, na watu wasiozidi chumba kimoja. Sikufikiria kwamba kampuni nayo inasoma.

Nilipopata barua yako ya kwanza nilijua. Ndiyo maana niliuliza habari za picha.

Sasa sikiliza. Nikisimama mbele ya jaji niseme sentensi ile ni ya uongo, wafadhili waliotoa fedha kwa sababu ya sentensi hiyo watazirudisha, na wana haki. Hazitaondoka za Sekakaw peke yake. Ni vijiji kumi na viwili. Kuna watu huko wana kesi kama yenu na wana wakili kwa sababu yetu. Wakili wa hati za ardhi yenu ataondoka. Ovando ataondoka. Bettina anasema tukikaa kimya Mfuko utamleta wakili mkubwa kutoka mji mkuu, na kwamba sentensi inaweza kuelezewa kwamba ni namna ya kusema tu.

Mimi siwezi tena kujiamini kuamua. Nisaidie. Amueni ninyi, nami nitafanya mtakalosema.

Edilma

*

Sekakaw
Ijumaa, 21 Aprili

Edilma,

Pasaka imepita. Hermelinda ameila ndani.

Barua yako niliisoma mbele ya mkutano wa kijiji, kwa sababu fedha ni za wote. Nilitamani nisingefanya hivyo. Fidelino alisimama kwanza. Alisema, kwa upole kabisa, kwamba hati za ardhi zikikosa wakili mwaka huu kampuni itachukua na bonde la juu, na hapo tutakuwa tumempata mwanamke mmoja tukapoteza mahali pa kumweka. Alisema Hermelinda ni jasiri, anaweza kuvumilia. Wengine wakaitikia kwa vichwa. Si watu wabaya, ni watu wenye mashamba kule juu.

Doña Petrona, yule mjane anayefuga bata mzinga, akamwambia, "Basi nenda kakae wewe gerezani, Fidelino, Hermelinda atoke akulelee wanao. Kazi ya kukaa unaijua vizuri."

Palizuka zogo na mkutano ukavunjika bila uamuzi. Watu walipita mbele yangu wakitoka, wengine walinishika mkono, wengine waliangalia viatu vyao. Usiku ule sikuandika kitu kwenye daftari, hata mvua.

Jumapili nilimsomea Hermelinda barua yako. Ya mkutano sikumwambia. Naomba na wewe usije ukamwambia kamwe. Alikuwa anadarizi na zile nyuzi zako, hakuacha. Nilipomaliza akasema, "Mwambie hivyo vijiji kumi na viwili navijua, vinne nimepika kwenye arusi zao. Hakuna hata kimoja kilichoniomba nikae humu."

Nikaangalia ukuta.

Unasema tuamue sisi. Nimeliweka hilo mbele yangu siku nyingi. Ulipoandika sentensi hukutuuliza, ukitaka kuifuta unatuuliza. Ukitufanya tuchague, basi yeyote atakayekosa wakili katika vile vijiji atajua ni Tiul wa Sekakaw aliyemkosesha, na wewe utakuwa ulisubiri jibu tu. Mimi siamui. Wakili mkubwa hajafika. Ovando anasema sentensi ile haielezeki isipokuwa na aliyeiandika.

Tarehe 8 Mei, asubuhi. Mahakama unaijua.

Eusebio

*

Sekakaw
Jumatano, 10 Mei

Edilma,

Miaka sita.

Nilikutazamia mlangoni mpaka walipoufunga. Badala yako Mfuko ulituma karatasi, Ovando akapewa aisome, naye akaisoma kama mtu anayesoma barua isiyo yake. Ilisema kwamba Mfuko unaheshimu mahakama na hautathibitisha wala kukanusha yaliyomo katika machapisho yake. Mwendesha mashtaka alishukuru.

Hermelinda aliuliza miaka sita Rosaura atakuwa na mingapi. Nilimwambia kumi na mitano. Akasema basi umri ule wa kuhitaji mama kuliko yote. Halafu walimchukua.

Rufaa lazima iwasilishwe kabla Jumatatu tarehe 22 haijaisha. Baada ya hapo mlango umefungwa kabisa. Ovando anaandika.

Eusebio

*

Jiji la Panama
Jumamosi, 13 Mei

Eusebio,

Tarehe 8 nilikuwa ofisini. Sina la kuongeza hapo.

Alhamisi, baada ya barua yako, kulikuwa na kikao cha wafadhili kwenye skrini. Walinipa nafasi niwasimulie habari za Sekakaw. Niliwasimulia. Niliwaambia ni nini kilitokea siku ya ibada, nani aliandika sentensi, nani amefungwa kwa ajili yake. Mmoja aliniomba nirudie, akidhani mtambo umekatika. Nikarudia.

Wamezuia fedha zote, za vijiji vyote, mpaka uchunguzi. Bettina hakupiga kelele. Aliniuliza kama najua ni watu wangapi nimewaondolea wakili siku moja. Nilimwambia najua, nawajua kwa majina. Akaniomba kadi yangu ya shingoni. Jana Ovando alipewa taarifa kwamba halipwi tena. Nadhani unajua kabla yangu.

Kwa hiyo sasa hakuna kanuni inayonikataza, na pia sina ofisi, na sijui kama neno langu bado lina uzito wowote bila kadi. Nina akiba kidogo, itanifikisha Guatemala kwa basi. Naweza kusema mbele ya yeyote atakayenisikiliza kwamba niliandika uongo.

Nauliza kama nina ruhusa. Si ya mahakama, ni ya Hermelinda. Akikataa sitakuja, nitatuma maandishi yenye kiapo.

Edilma

*

Sekakaw
Jumanne, 16 Mei

Edilma,

Sista ameahidi kukusomea hii kwenye simu nzima nzima, hata yale tuliyokatazana, kwa kuwa hakuna tena cha kuficha.

Ovando amejitoa. Alitupa mafaili yote, hakudai kitu, akaomba radhi kwa Rosaura kana kwamba mtoto ndiye mteja. Aliyebaki ni wakili wa kutetea wasio na fedha, anayelipwa na serikali, mwanamke mwenye kesi nyingi kuliko viti vya ofisi yake. Anasema rufaa ataiwasilisha. Kuhusu wewe, anasema mahakama ya rufaa kwa kawaida haisikilizi shahidi mpya, ila ukiwepo wewe mwenyewe, na hati ya kusafiria, na kijitabu mkononi, atajaribu, na ukituma karatasi tu hatajaribu hata kidogo. Karatasi za Mfuko, anasema, wameshazisoma.

Kijijini habari zimefika. Wakili wa ardhi hakutokea Jumatatu. Fidelino hanisalimu. Jana mtu alimwaga mafuta machafu kwenye kisima changu. Wa kwetu au wa kampuni, sijui, na nimeacha kuuliza. Nayaandika haya ili usije ukidhani utapokewa.

Jumapili nilikwenda kumwona Hermelinda. Nilimwuliza swali lako kama ulivyoliuliza. Alikunja kwanza kitambaa alichokuwa anadarizi.

"Aje aseme mbele ya jaji alichoandika," alisema. "Kama bado ni mzazi mwenzangu, hilo nitamjibu nikiwa nje."

Ruhusa ndiyo hiyo. Hakuna nyingine.

Panda basi leo. Ukifika mjini shuka darajani, usishuke sokoni, sokoni watu wa kampuni wanaijua sura yako. Nitakuwa hapo kuanzia Ijumaa, mabasi yote. Ukikuta wakili ameshafunga ofisi tutamfuata nyumbani kwake, nimeshapauliza. Na mipaka ikikuchelewesha, ukafika Jumatatu imeshapita, usigeuze. Tutakwenda gerezani siku ya wageni, nawe utamwambia yeye.

Eusebio Tiul